Kichwa Kilichojua Saa

"Bibi, huyu mtu atanifanya nini huko ndani?" Rukia aliniuliza hivyo mwezi uliopita, tumekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mshauri pale hospitalini, yeye akiukunja na kuukunjua mtandio wake. Rukia ni mjukuu wangu, ana miaka ishirini na mmoja, na tangu gari walilokuwamo lipinduke na rafiki yake asitoke, hajapanda tena kitu chenye magurudumu. Siku hiyo tulitoka nyumbani kwa miguu, mimi na magoti yangu haya, tukapumzika mara nne njiani. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Atakuuliza, utajibu, utatoka. Acha kunisumbua." Mimi nikiogopa huwa mkali, watu wa nyumbani wanajua, na pale nilikuwa nimeogopa kumshinda yeye. Mlango ulikuwa umefungwa, na nyuma yake kulikuwa na mtu anayengoja kusikia. Niliwahi kungoja mlangoni namna hiyo nikiwa na miaka kumi na saba, na niliyekuwa namngoja alikuwa na kisu. Sikumwambia Rukia. Namwambia sasa kwa kalamu, kwa sababu mdomo wangu ukifika hapo hugeuka ukaanza kugomba.

Mwaka wenyewe ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nakaa kwa Shangazi Zena, mshonaji, Kisii mjini. Nilifikaje kwake ni habari nyingine, haina faida hapa. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha mbele chenye cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya mkono, meza ndefu ya kukatia, kioo cha wateja, na kona ya jiko la makaa ambalo lilipasha pasi na kuchemsha chai kwa wakati mmoja, kwa hiyo nguo zetu zote zilitoka na harufu kidogo ya iliki. Tulikuwa wasichana wawili. Mwenzangu alikuwa Kemunto, wa Nyakoe, mtoto wa Wasabato, aliyeletwa na mamake ajifunze kushona. Siku za juma alilala kwetu, na Ijumaa alikula pilau yetu akiwa amesimama, kikapu begani, maana ilimpasa afike kwao kabla jua halijazama. Shangazi alimwambia kila Ijumaa, "Kaa ule kama binadamu," na kila Ijumaa Kemunto akacheka na mdomo umejaa. Alikuwa mtu wa utani sana. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, akisema "kitambaa yangu" na "mkasi yako," nami nikimsahihisha kwa kiburi, ingawa mshono wake ulikuwa umenyooka na wangu ulikwenda kombo.

Anayekaa Kisii anajua mvua yake. Asubuhi jua, adhuhuri joto, na ikikaribia saa tisa mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa na ngurumo inaanza kuzunguka vilimani. Radi ya kwetu si ya mchezo, imeua ng'ombe na watu tangu zamani. Shangazi alikuwa na sheria zake. Ngurumo ya kwanza ikisikika mbali, cherehani zinafunikwa, mkasi na sindano zinaingia chini ya godoro, kioo kinafunikwa kanga, na msichana mwenye zamu anatoka kuanua vitambaa. Merikani mpya tulikuwa tukiiloweka kwanza na kuianika ipungue kabla ya kukatwa, isije ikampungukia mteja mwilini, na tuliianika nyuma ya nyumba kwenye waya mrefu. Sheria ya mwisho ndiyo iliyokuwa kubwa: ngurumo ikishakuwa karibu, hakuna mtu kutoka. Vilowe, vichafuke, viachwe.

Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Shangazi alikuwa na kichwa kinamuuma, amelala chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa na sahani ya muhogo wa kuchemsha mapajani, wa moto, na pilipili na chumvi pembeni. Ngurumo ya kwanza nikaisikia nikaendelea kula. Ya pili nikasema namalizia kipande hiki. Ya tatu ikapiga karibu mpaka vikombe vikalia kabatini, na hapo nikaogopa mambo mawili kwa pamoja: kutoka nje, na ulimi wa Shangazi akikuta merikani ya watu imerushiwa tope. Nikamwambia Kemunto, "Shangazi anakuita. Anasema ukaanue wewe." Shangazi hakuwa amesema neno. Kemunto akainuka, akachukua kipande cha kaki akajitanda kichwani, akanitania kwa neno moja, akatoka akiita kwa sauti, "Nazileta, Shangazi!" Nikasimama, sahani mkononi, nikasogea mlangoni kumtazama. Nilimwona akinyoosha mikono kwenye waya. Halafu kila kitu kikawa cheupe, na nikaangukia mguu wa chuma wa cherehani. Nilipozinduka, mvua ilikuwa inaingia ndani, na Shangazi alikuwa amepiga magoti uani kwenye tope, bila kitu kichwani. Sikuwahi kumwona nje ya nyumba kichwa wazi, na sikumwona tena hivyo mpaka anakufa.

Mama Kemunto alifika kesho yake asubuhi na watu wa kanisa lao. Hakupiga kelele. Alisimama uani akauliza kwa sauti ya chini, "Nani ametuma mtoto yangu nje na mvua?" Jirani yetu mmoja akasema yeye alimsikia marehemu akiitika, nazileta Shangazi. Wengine wawili wakasema nao walisikia. Watu wote wakamgeukia Shangazi Zena. Yeye akasema, "Wallahi sikumwita. Nilikuwa nimelala." Mimi nilikuwa mkekani, nimefungwa kitambaa kichwani, mlango uko wazi, nawaona wote. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Hiyo ndiyo dhambi yenyewe, Rukia, sina nyingine kubwa kuliko hiyo. Wateja wa Nyakoe wakaacha kuja. Wanawake waliokuwa wakikaa kwetu kunywa chai wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, na wakisalimia, wanasalimia wakitembea.

Kuanzia hapo saa tisa ikawa adui yangu. Asubuhi nilikuwa mzima, nafagia, nachota maji, nacheka hata. Jua likianza kuegemea, vidole vinapoa. Mate yanakauka. Pale nilipogonga kichwa panaanza kupiga, kwanza polepole, halafu naona jicho moja linataka kutoka. Wingu likionekana, naingia chini ya meza ya kukatia na kuvuta kitambaa mpaka sakafuni, na huko chini natetemeka mpaka meno yanagongana, nasikia wateja wakisema na Shangazi juu yangu, naona miguu yao. Chakula cha mchana kilikuwa hakipiti kooni. Sindano sikuweza kuitia uzi. Nikiona merikani imelowa, harufu yake tu, natapika. Mvua nayo ikiisha sikupata nafuu, maana hapo nilianza kuogopa mlango: kila aliyebisha nilidhani ni Mama Kemunto amekuja kuniuliza mimi. Nikakonda, nguo zikanivaa. Shangazi alinishonea nyingine, akazipunguza, akazipunguza tena, pini mdomoni.

Alinihangaikia kweli. Alimleta mwalimu wa chuo cha Kurani akanisomea, akaandika kombe, aya kwa zafarani sahanini, ikaoshwa kwa maji, nikanywa. Mwalimu alikuwa mtu mwema, lakini aliniuliza, "Unaogopa nini, binti yangu?" mbele ya Shangazi na wanawake watano. Ningesema nini? Nikasema kichwa. Shangazi akanipeleka hospitali, mganga wa kufunga vidonda akanitazama, akapapasa pale palipovimba, akanipa vidonge vyeupe. Vidonge vilinilaza usingizi, lakini saa tisa ikifika naamka mwenyewe. Na mimi kila niliyempata nilimwambia kichwa, kichwa, kichwa. Nikafika mahali nikaamini ni kichwa.

Basi siku moja niko chini ya meza nikamsikia mteja, mama mmoja wa Nyamarambe aliyekuja kupimwa gauni, akimwambia Shangazi, "Zena, huyo mtoto mfupa imeingia ndani. Kwetu kuna omobari, anatengeneza vichwa." Kila mtu wa Kisii alijua omobari ni nani. Ni mganga anayepasua ngozi ya kichwa, akakwangua fuvu kwa kisu kidogo pole pole mpaka auone ufa wote, akauondoa, mgonjwa yu macho, ameshikwa na wanaume. Wazungu wa bomani hawakutaka hata kusikia habari zake, kwa hiyo mambo yalifanyika kimya kimya. Shangazi akauliza, "Wanapona?" Yule mama akasema ndugu yake alikwanguliwa baada ya kupigwa rungu, sasa analima. Shangazi akauliza tena, "Na wanaokufa?" Yule mama akajibu, "Wako pia." Niliiona miguu ya Shangazi ikisimama palepale, kidole gumba kikikuna sakafu. Halafu akasema, "Basi nielekeze njia."

Ningeweza kutoka chini ya meza wakati ule. Maneno matatu tu yangetosha: ni mimi niliyemtuma. Sikutoka. Nilikuwa tayari kukwanguliwa fuvu kuliko kuyasema, na nikajiambia huenda omobari akifungua, kitu kile kitatoka chenyewe na hakuna atakayejua kilikuwa nini. Watu wanashangaa wakisikia mtu amekaa na jambo miaka bila kwenda kwa mshauri. Mimi sishangai. Mtu huogopa kisu, lakini kuulizwa huogopa zaidi.

Tulipanda lori la mahindi, tukashuka, tukatembea. Nyumba ya omobari huyo, Mzee Ombati, ilikuwa upande wa Tabaka, mteremkoni, chini kidogo ya machimbo ya yale mawe laini yanayochongwa mabakuli. Kabla hatujaiona nyumba nikasikia sauti: krr, krr, krr. Kitu kinakwanguliwa. Miguu ikakataa. Shangazi akanishika kiunoni tukaenda hivyohivyo. Kumbe mzee alikuwa kakaa kizingitini na jiwe mapajani anachonga bakuli, kisu chake kifupi kama kidole, vumbi jeupe limejaa kwenye nywele za mikono. Ukutani kulikuwa na rundo la majani ya migomba yaliyokatwa asubuhi hiyo, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa mgonjwa hulazwa juu ya nini. Hakuna aliyenieleza kwamba mkewe alikuwa akivumbika ndizi. Niliyatazama yale majani siku nne nikijiona juu yake.

Kwanza alininyoa, wembe na maji ya vuguvugu, upande wote wa kulia halafu na wa kushoto. Halafu akafumba macho, akanipapasa fuvu lote kwa ncha za vidole, taratibu, mpaka nyuma ya masikio. Alikuwa ananukia vumbi la mawe na maziwa. Akaanza kuuliza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta neno moja moja. "Asubuhi inauma?" Nikasema hapana. "Ukiinama shambani?" Hapana. "Jua ikiwaka sana?" Hapana. "Inauma wakati gani?" Nikasema, "Mawingu yakija." Akafumbua macho. Akamwambia Shangazi, "Sikati."

Shangazi alidhani hakusikia vizuri. Akaanza kumbembeleza, "Mzee, nimetoka mbali, kata. Huyu ndiye niliyebaki naye." Na mimi nikasema kata, kwa sauti kubwa kuliko yake. Mzee Ombati akachukua jiwe lake akaliweka tena mapajani. "Kichwa iliyopasuka haijui saa," akasema. "Inauma asubuhi, inauma jioni, inauma mvua na jua. Nimeshika vichwa mingi. Hii yako inajua saa. Hiyo si mfupa, na mimi nakata mfupa peke yake." Halafu akamwambia Shangazi tukae siku nne kwake. Akamwelekeza jikoni kwa mkewe, akamwambia mvua ikija asitoke huko hata akinisikia nalia.

Nitakueleza yaliyofanyika, kwa sababu hayo ndiyo uliyoniuliza pale kwenye benchi. Hakunipa dawa. Hakuniambia usiogope, wala hakunipapasa mgongo. Mawingu yalipopanda aliniita nikakaa kigodani nyuma yake, mlango wazi, yeye uso ameuelekeza nje kwenye mvua na kwangu amenipa mgongo, na ng'ambo ya ua nawaona Shangazi na mke wa mzee wanatoa maharage kwenye maganda. Akaanza kukwangua jiwe lake. Krr, krr. Akasema, "Niambie siku ile. Anza asubuhi." Nikaanza. Nikafika kwenye chai na mandazi ya asubuhi, ngurumo ikapiga, nikajikunja chini na kulia, nikajikojolea, nalisema bila aibu sasa. Hakugeuka. Mvua ilipokwisha akasema, "Basi. Kesho." Mkewe akanipa maji na nguo, na jioni tukala ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga na maziwa yaliyoganda. Nyama hawakutupa, walijua sisi hatuli isiyochinjwa kwa bismillahi. Siku ya pili akasema vilevile, anza asubuhi. Nikafika adhuhuri. Nilikuwa natetemeka mpaka kigoda kinagonga sakafu, lakini nilifika adhuhuri.

Siku ya tatu nikafika kwenye muhogo. Nikauruka haraka, nikasema, "Shangazi akamwita Kemunto, akatoka." Kisu kikasimama. "Shangazi alikuwa wapi?" Nikasema chumba cha nyuma. "Alisema nini?" Nikasema alisema Kemunto akaanue. Mzee akasema, "Hapana hivyo. Sema kama yeye amesema. Na sauti yake." Sauti ya Shangazi nilikuwa naijua, tulikuwa tukimwigiza mimi na Kemunto mpaka tunashika mbavu. Nikafungua mdomo nimwigize. Ikatoka sauti yangu. Sauti yangu mwenyewe, nzito kidogo, ya mtu mwenye muhogo mdomoni: "Shangazi anakuita." Nikajaribu tena, ikatoka ileile. Mvua ilikuwa inapiga uani, radi inamulika mlima wa mbele, na mimi nikasema yote, zamu, sahani, ngurumo tatu, uwongo, na mlango niliousogelea kutazama. Nilidhani atageuka anitazame. Hakugeuka. Alisema, "Nimesikia," akaendelea na bakuli lake.

Siku ya nne nikamuuliza kama sasa nimepona. Akasema, "Mimi siwezi kutoa hiyo, moiseke. Si yangu. Wenyewe wako wawili, mmoja yuko hapo jikoni." Moiseke ni msichana kwa lugha yao. Nikamuuliza, "Na nisiposema?" Akajibu bila hasira, "Basi utarudi kwangu, utaniomba nikate, na mimi nitakataa tena." Nimekutana na watu wenye elimu kubwa tangu wakati huo, na sijaona mwingine aliyenikatalia kitu kwa faida yangu namna ile.

Nilimwambia Shangazi njiani, kabla hatujafika barabara ya lori, tukiwa peke yetu. Nilisema nikitazama kikapu chake. Akakiweka chini. Nilitazamia kofi, na kofi likaja, moja, zito. Halafu akakaa juu ya jiwe la kando ya njia. "Saumu," akaniita kwa jina langu, "mwezi uliopita nilikwenda Nyakoe. Nilimwambia Mama Kemunto anisamehe, nilimwita mwanawe usingizini." Sikuelewa. Akaendelea, "Mwanzo nilijua sikumwita. Lakini wote wamesikia ameitikia. Nikawa kila siku najiuliza, mpaka nikafika mahali naisikia. Naisikia sauti yangu kabisa, Kemunto, anua. Naisikia hata sasa." Hakulia. Alifungua kanga yake ya begani, akaufunga upara wangu, akaikaza nyuma vizuri, kama alivyokuwa akinifunga kila siku kabla ya kwenda sokoni. Kisha akasema, "Kesho tunakwenda Nyakoe. Utasema wewe."

Hapa ndipo kalamu yangu iliposimama siku tatu. Rukia, siku ile ulipotoka kwa mshauri, macho mekundu, ulisema, "Hakunifanya kitu, Bibi. Aliniambia tu nimweleze siku ile, nianzie asubuhi." Nilikugombeza kwa kuchelewa, nikakuvuta mkono tuondoke. Ulidhani nimekasirika. Nilikuwa natafuta mahali pa kukaa.

Tulifika Nyakoe kesho yake baada ya adhuhuri, na mawingu yalikuwa yameshapanda. Shangazi alichagua saa hiyo au ilitokea tu, sijui, sikuwahi kumuuliza. Tulipita katikati ya mashamba ya pareto ya watu, mimi vidole vimekufa ganzi, nikisema moyoni akinipiga nitashukuru, akiita watu nitashukuru, bora asinitazame. Mama Kemunto alikuwa jikoni kwake anapepeta wimbi kwenye uteo. Alimwona Shangazi akasema, "Mama Zena, karibu," kwa adabu ya mtu aliyekwisha kusamehe na bado hataki kukuona. Shangazi akabaki mlangoni. Akanisukuma mbele kidogo kwa kidole kimoja.

Nilisema nimesimama. Nilianza asubuhi, sikujua kuanza pengine. Nilipofika kwenye uwongo, uteo ukaacha kwenda. Ngurumo ikapiga, nikaendelea, sauti inakatika lakini naendelea, mpaka nikasema, "Shangazi hakumwita. Ni mimi." Mama Kemunto alikuwa anatazama wimbi. Akaokota kijiwe kimoja, akakitupa, akaokota kingine. Nikangoja.

Akauliza, "Wakati anatoka, alikuwa anaogopa?"

Sikutarajia swali hilo. Nikasema, "La, Mama. Alikuwa anacheka."

"Anacheka?"

"Alijifunika kaki kichwani. Akanitania."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Mwaka mzima watu walikuwa wamemweleza habari za radi, habari za waya, habari za mapenzi ya Mungu. "Amesema nini?"

"Alisema, 'Muhogo yangu ikiisha kabla sijarudi, nitakula wewe.'"

Mama Kemunto akaweka uteo chini. Akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika, sikujua ni kicheko au ni kilio, naye pengine hakujua. "Huyo ni yeye," akamwambia Shangazi. "Huyo ni yeye kabisa. Mlafi huyo." Shangazi akaingia, akakaa kando yake kwenye ngozi. Neno la kunisamehe mimi sikulisikia siku hiyo wala siku nyingine, na ngurumo naiogopa mpaka leo, kioo changu kina kanga yake maalumu, waulize watu wa nyumbani. Lakini Mama Kemunto alinivuta upindo wa gauni nikae mbele yake, akafuta uso, akasema, "Sema tena."

Nikasema tena, na Kiswahili cha Kemunto vilevile, bila kukisahihisha. Akasema, "Tena." Nikasema mara ya tatu, nikaonyesha alivyojitanda kile kitambaa, na alivyoinua kidole. Nilipomaliza nikasikia matone machache yanadondoka kutoka kwenye nyasi za paa, moja moja, na nje jua linatoka. Mvua ilikuwa imenyesha yote, na sikuwa nimeisikia.